Moyo Ulao Mwisho

SEHEMU YA KWANZA

Kizimba cha kwanza kilikufa chote kabla jua halijachomoza. Mlinzi alipiga yowe, na hadi watu wanashuka mwaloni, sato walikuwa wamekwisha kugeuza matumbo juu, midomo wazi, mashavu yametanuka hata matamvua yakaonekana. Kizimba cha pili kilikuwa kinaelekea huko huko. Samaki walijaa juu ya maji wakipigapiga midomo, wakubwa wamelegea, wadogo bado wanahangaika.

Ilikuwa Juni, na katika visiwa vya Ukerewe Juni ni mwezi wa upepo wa kusini. Ulikuwa umevuma siku kadhaa mfululizo, kisha usiku ule ukatulia ghafla.

Mzee Mazigo, mwenyekiti wa kikundi, alisimama juu ya jukwaa la mapipa ameshika kiuno. Mkopo mzima wa benki ulikuwa ndani ya maji yale. Alitazama kizimba, akatazama ufukwe, akatamka neno moja.

"Sumu."

Hakuna aliyebisha. Watu wazima wa Ziwa Victoria hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipokataa samaki wa ziwa hili kwa sababu kuna wavuvi waliokuwa wakivua kwa kumwaga dawa za wadudu majini. Watu wengi walikosa riziki kwa kosa la wachache. Tangu hapo, samaki wakielea kwa wingi, neno hilo ndilo hutangulia, na jina la mtu hufuata nyuma yake.

Safari hii jina lilikuwa Bwire. Alikuwa kijana wa Kijita, mvuvi wa kamongo, ambaye alitega ndoana zake miaka mingi pale pale vilipokuja kuwekwa vizimba. Juzi yake aligombana na kikundi mbele ya watu, akasema ziwa lenyewe litawajibu. Na usiku ule mlinzi alisikia injini yake ikipita. Jua lilipofika vileleni mwa miti vijana walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba ya nyavu, na Mzee Mazigo mwenyewe akang'oa plagi ya injini ya mtumbwi wake, asije akatoroka. Akipanda mteremko kutoka majini alisimama kidogo, akasugua bega la kushoto, akaendelea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usiyaguse maji hayo, mwanangu."

Lakini Nyanjige alikuwa amekwisha kuyagusa. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea samaki, na likizo ile alirudi nyumbani na kipima oksijeni alichoazimwa. Alikitumbukiza kando ya kizimba cha kwanza, akasubiri namba itulie. Miligramu 1.1 kwa lita. Wiki iliyotangulia, mahali hapo hapo, kilisoma 6.8.

"Mjomba, haya maji hayana sumu. Yamekosa oksijeni. Upepo umesukuma maji ya juu upande wa pili, na yale ya chini, yaliyokaa muda mrefu bila hewa, yamepanda huku kwetu. Usiku nayo mimea ya majini haitoi oksijeni, inaitumia. Ndiyo maana wamekufa alfajiri."

"Nani amekutuma umtetee huyu?"

Nyanjige alichota maji kwa glasi, akayainua kwenye mwanga. Viduduu vidogo visivyozidi punje ya chumvi vilikuwa vinaruka ruka humo. "Dawa ya wadudu ingeanza na hawa. Tena tazama, waliotangulia kufa ni wakubwa. Sumu kwa kawaida huwamaliza wadogo kwanza."

Watu walisogea kutazama glasi. Mzee Mazigo hakusogea.

"Kama ni maji, mbona kizimba cha kwanza kimekwisha chote, na cha nne hata robo hawajafa? Maji si ni yale yale?"

Lilikuwa swali zuri, na Nyanjige hakuwa na jibu mkononi. Badala yake aliuliza, "Jana jioni, nani aliingia kizimba cha kwanza?"

"Mimi na vijana. Tulikuwa tunamkamatia mteja wa mjini Nansio. Tuliwafukuza na wavu hadi giza, tukapata nusu ya mzigo, tukaacha. Kwa hiyo sasa mwuaji ni mimi?"

Minong'ono ikapanda. Nyanjige alihisi uso unampata moto, na kwa haraka ya kumwokoa mtu aliyefungwa kamba akasema jambo ambalo lingempasa alipime kwanza.

"Kamongo hupumua hewa ya juu. Maji yakikosa oksijeni, sato atakufa, sangara atakufa, kamongo ataishi. Nileteeni kamongo mmoja aliyekufa usiku huu, nami nitanyamaza."

Kimya. Kisha upande wa matete mtu akaita. Vijana wawili walikuwa wanavuta makila iliyokuwa imelala chini kabisa, wavu mzito, na katikati ya wavu kulikuwa na samaki mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, mwenye mapezi membamba yanayoning'inia.

Kamongo. Na alikuwa amekufa.

SEHEMU YA PILI

Baraza lilikaa chini ya mwembe. Bwire aliketishwa mbele, mikono nyuma. Kamongo aliyekufa aliwekwa juu ya gunia, wavu bado umemzunguka, na kando yake sato mmoja wa kizimba cha kwanza. Mzee Mazigo alitaka mgambo waitwe mara moja. Aliyemzuia ni Babu Lutonja, mzee aliyeanza kuvua kabla sangara hawajalijaza ziwa, ambaye hakuna mtu mwaloni aliyethubutu kumkatiza.

"Mtoto ameahidi kunyamaza," alisema Babu. "Kabla hajanyamaza, aseme alichokiona."

Nyanjige alichukua kisu. Hakuanza na kamongo. Alimpasua sato chini ya koo, nyuma tu ya matamvua, akautoa moyo, kitu kidogo chekundu kisichojaza kiganja cha mtoto. Aliukata katikati akamwonyesha Babu. Ndani hapakuwa na ukuta laini. Nyama yote ilikuwa na vitundu na nyuzi zilizopishana.

"Babu, damu ya samaki ina njia moja. Ikitoka moyoni inakwenda kwenye matamvua, inachukua oksijeni. Kutoka hapo hairudi moyoni. Inakwenda kichwani, inakwenda kwenye misuli, tumboni, mkiani, na kila kiungo kinachukua chake. Inaporudi, imekwisha kutumika. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini oksijeni unayopata wenyewe ni ile waliyoiacha wengine."

Babu aliutazama ule moyo muda mrefu. "Ni mama anayepakulia nyumba nzima, akabaki na ukoko."

"Ndiyo, Babu. Vitundu hivi ndivyo vinavyopitisha damu hiyo iliyochoka ndani ya nyama ya moyo. Kwa samaki wengi wa mifupa, moyo hauna chakula kingine zaidi ya hicho."

Akamgeukia mjomba wake, na sauti yake ikashuka, maana alijua anachokwenda kusema kitamchoma.

"Jana mliwafukuza kwa muda mrefu. Samaki akikimbia, misuli inakula karibu oksijeni yote, na inatoa asidi. Damu ikarudi moyoni ikiwa tupu na chungu, saa ile ile moyo unatakiwa upige kwa nguvu zaidi. Maji yakiwa mazuri samaki hupumzika akarudiwa. Hawa hawakupata nafasi, maji mabaya yakawakuta hoi. Wa kizimba cha nne walikuwa wametulia. Samaki aliyetulia, oksijeni ikipungua, hupunguza mapigo ya moyo. Damu inakaa kitambo kidogo zaidi ndani, na moyo unawahi kunyonya chochote kilichopo. Maji ni yale yale, mjomba. Mioyo haikuwa katika hali moja."

Mzee Mazigo hakujibu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Babu hakuridhika. Ujana wake aliwahi kufanya kazi bandarini Tanga, na huko aliona samaki wa bahari. "Jodari hakimbii? Papa je? Mbona wao mioyo haiwafii mbioni?"

Hapo Nyanjige aliketi chini kabisa. Lilikuwa swali lililomfanya achague kusomea samaki, na kulisikia likitoka kinywani mwa mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani kulimgusa.

Alimweleza kwamba samaki wa jadi kabisa, wale wasio na taya, mioyo yao haina ateri zake yenyewe. Inaishi kwa damu inayoisukuma. Papa wana njia ya pili. Mishipa midogo hutoka upande wa matamvua, ikiwa na damu mbichi yenye oksijeni, ikarudi moja kwa moja hadi kwenye moyo kabla viungo vingine havijaonja. Samaki wengi wa mifupa leo hawana mishipa hiyo. Ila wale wa mbio wanayo: samoni wanaopanda mito ya Ulaya na Marekani, na jodari wa bahari kuu. Kwao moyo una tabaka la nje, nyama iliyobana isiyo na vitundu, linalolishwa na ateri hizo, huku tabaka la ndani likiendelea kuishi kwa damu iliyotumika. Wanasayansi waliwahi kufunga ateri ya moyo wa samoni wakamwogelesha. Hakufa, ila kasi yake ilipungua sana.

"Basi na sato angepewa mishipa hiyo," alisema mtu nyuma.

"Angepewa, huenda angestahimili zaidi kidogo."

"Na huyu?" Mzee Mazigo aliinuka, akamwonyesha kamongo kwa fimbo. "Huyu hapumui maji, umesema mwenyewe. Nini kimemwua kama si sumu?"

Nyanjige alimsogelea kamongo. Alipitisha vidole penye shingo, akahesabu mizunguko ya uzi wa wavu. Ulikuwa umezama ndani ya ngozi. Alifunua mashavu. Matamvua yalikuwa machache na mafupi, na kwenye baadhi ya matao hayakuwapo kabisa.

Kabla hajasema, Bwire akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu asubuhi.

"Amezama."

Kicheko kikalipuka. Samaki kuzama!

"Amezama," Bwire alirudia. "Makila ilikuwa chini na mawe. Kamongo asipopanda kuvuta hewa, anakufa. Ndiyo maana ndoana zangu naziachia kamba ndefu, awahi kupanda. Kila mvuvi wa kamongo anajua."

"Ni kweli," alisema Nyanjige. "Kamongo mkubwa anapata takriban asilimia 90 ya oksijeni yake hewani. Matamvua haya hayawezi kumweka hai." Aliinua maboya ya wavu. Yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu. Watu waliyatazama, kisha wakatazama pembeni, maana kila mtu alijua maboya ya buluu ni ya nani.

"Maneno," alisema Mzee Mazigo, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Basi tujaribu. Bwire ana kamongo hai kwenye pipa ndani ya mtumbwi. Tumtie katika maji ya kizimba cha kwanza, maji mnayosema yana sumu. Akifa, mgambo waitwe. Akiishi hadi adhuhuri, kamba ifunguliwe."

Beseni kubwa likaletwa, maji yakachotwa mbele ya mashahidi, na kamongo akatumbukizwa. Alizunguka mara mbili. Akapanda, akatoa pua, akameza hewa kwa sauti iliyosikika hadi nyuma ya baraza, akashuka. Baada ya muda akapanda tena. Watoto wakashangilia.

Kisha akalala chini. Jua likasogea. Kivuli cha mwembe kikalihama beseni, na kamongo hakupanda. Mtu mmoja akarusha kijiti, hakutikisika. Nyanjige alijua kamongo aliyetulia anaweza kukaa muda mrefu bila hewa, lakini muda aliokuwa akiuhesabu moyoni sasa ulikuwa umepita kila alichowahi kukiona mwenyewe.

Mzee Mazigo aliinama juu ya beseni, akatazama, akainuka.

"Mwiteni mgambo," alisema.

SEHEMU YA TATU

Kijana aliyetumwa alikuwa amefika kwenye kona ya njia maji yalipotibuka nyuma yake. Kamongo alipanda kama alivyoshuka, bila haraka, akatoa pua, akavuta hewa, akarudi chini. Kilio cha akina mama kilimsimamisha yule kijana pale pale.

Adhuhuri ilipofika alikuwa amepanda tena na tena. Babu Lutonja mwenyewe ndiye aliyemfungua Bwire kamba. Hakuna aliyemwomba radhi kwa maneno, ila mwanamke mmoja alimletea uji, na Bwire akaunywa wote akiwa amesimama.

Babu alimrudia Nyanjige. "Huyu kamongo moyo wake unakula wapi?"

"Mbele ya wote, Babu. Damu ikitoka kwenye mapafu yake haiendi mwilini kwanza. Ina mshipa wake unaoingia moja kwa moja upande wa kushoto wa moyo. Damu mbichi inapita ndani ya moyo kabla ya kugawiwa. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Colleen Farmer, aliyeandika mwaka 1997 kwamba huenda mapafu yalianza kwa ajili hiyo hasa. Zamani wengi waliamini samaki walipata mapafu kwa sababu ya madimbwi yanayokauka. Yeye akauliza, mbona samaki wengi wa kale wenye mapafu mabaki yao yako kwenye miamba iliyokuwa chini ya bahari, ambako hapakauki? Akasema samaki wale walikuwa wa mbio, na mapafu yaliulisha moyo uliokuwa ukikosa. Hata leo wako samaki wa mito ya Marekani wenye kibofu kinachovuta hewa. Ukiwakimbiza, wanapanda kuvuta mara nyingi zaidi."

"Kwa hiyo mapafu yametangulia watu wa nchi kavu."

"Yalitangulia sana. Jamaa za kamongo wameishi kwa takriban miaka milioni 400. Mwaka 1859 Darwin alidhani kibofu cha samaki ndicho kilichogeuka mapafu. Sasa wataalamu wanaona ni kinyume: mapafu ndiyo yaliyogeuka kibofu. Kwa hiyo huyu sato tuliyempasua leo, wazee wake wa mbali walikuwa na mapafu. Waliyapoteza."

Mimi ninayesimulia naona hapo ndipo msiba wa kizimba kile ulipoanzia, mamilioni ya miaka kabla ya mkopo na wavu.

"Na sisi?" aliuliza Babu. "Moyo wa mtu?"

"Wetu umekuwa mnene, nyama imebana. Damu inayopita vyumbani mwake ni nyingi na nusu yake ni mbichi kabisa, lakini haiwezi kupenya ukuta ule ikaulisha wote. Tumebaki kutegemea ateri za moyo. Samoni ukimfunga ateri ana akiba ya ndani. Sisi ateri ikiziba, sehemu hiyo ya moyo haina pa kukimbilia."

Mzee Mazigo alikuwa amesimama nyuma yao. Hawakujua kwa muda gani. Uso wake ulikuwa wa majivu, na mkono wa kulia ulikuwa juu ya bega la kushoto. Nyanjige alitaka kumuuliza, lakini mzee aligeuka akaondoka.

Alasiri upepo wa kusini ukarudi.

Nyanjige alipima kizimba cha nne: 2.9. Akapima tena baada ya kumaliza kuwaonya walinzi: 2.5. Maagizo yake yalikuwa machache. Wasiwape chakula, wasiwaguse, wasiingize wavu kwa sababu yoyote ile. Kukipambazuka, vizimba vivutwe polepole hadi penye maji mazuri. Kila mtu aliitikia. Boti ya kikundi ilikuwa imekwenda Nansio na mteja, isingerudi hadi kesho, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya zaidi ya kuwaacha samaki watulie.

Jua lilipokuwa linazama Bwire alikuja mbio.

"Dada, mjomba wako yuko kizimbani. Yeye na vijana watatu. Wameshusha wavu."

Walichukua mtumbwi mdogo wa kasia. Mawimbi yalikuwa yamepanda, na kila kasia lilipoingia majini Nyanjige alikuwa akihesabu: samaki wanafukuzwa sasa, misuli inakula sasa, damu inarudi tupu sasa. Walipokaribia, kipima kilisoma 1.8.

"Mjomba! Waachie!"

Mzee Mazigo hakugeuka. Alikuwa amejifunga kamba ya wavu kiunoni, anavuta kwa mwili mzima, jasho linamtiririka ijapokuwa upepo ulikuwa baridi. "Nikiwaacha watakufa bure," alisema kwa taabu. "Nikiwatoa usiku huu, hata nusu bei—"

"Ukiwatoa ndiyo unawaua! Mjomba, waachie watulie!"

Vijana walisita. Mmoja akaachia upande wake. Wavu ukalegea, na sato waliokuwa wamesongamana wakatawanyika gizani. Mzee Mazigo alibaki ameshika kamba peke yake. Alitazama maji, akamtazama mpwa wake, akafungua vidole kimoja kimoja.

Kisha akapiga magoti.

Nyanjige alidhani ni uchovu. Aliporuka jukwaani na kumshika, mkono wa mzee ulikuwa umebana kifua, na maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwenye taya. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, imelowa. "Tangu asubuhi," alisema mzee. "Linakuja, linakwenda. Sasa haliendi."

Nyanjige alijua anachokiona.

"Bwire! Mtumbwi wako, wenye injini! Twende Nansio, sasa hivi!"

Bwire alikuwa amekwisha kurukia majini kuufuata. Walimsikia akivuta kamba ya kuwashia, mara moja, mara mbili, kisha akanyamaza. Sauti yake ikaja juu ya mawimbi.

"Plagi! Asubuhi aliing'oa plagi!"

Nyanjige alipekua mfuko wa shati la mzee, kisha wa suruali. Hamna. Aliushika uso wa mjomba wake kwa mikono miwili, akaugeuza umtazame.

"Mjomba, plagi ya Bwire. Umeiweka wapi?"

Mzee Mazigo alifungua mdomo. Midomo ilitembea, ikaunda mwanzo wa neno, na macho yake yakageuka kuelekea kwenye maji.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO